Kiwanda Kiko Nottingham, Vidole Vimekatikia New Jersey

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuna swali moja tu. Mashine imetengenezwa nchi ya mbali, imekuumiza hapa ulipo. Mahakama ya hapa inaweza kumwita mwenye kiwanda aje ajibu? Dada Wanjiru, wewe ni wakili, na najua kuna kesi inayokukera.

WANJIRU: Inanikera mpaka leo, kaka Salim. Ni kesi ya J. McIntyre Machinery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2011. Mwaka 2001, mfanyakazi wa yadi ya chuma chakavu huko New Jersey alikuwa akikata vyuma kwa mashine. Ikamkata vidole 4 vya mkono wa kulia. Mashine yenyewe ilitengenezwa na McIntyre huko Nottingham, Uingereza, bei yake dola 24,900.

SALIM: Akawashtaki walioitengeneza.

WANJIRU: Kulekule New Jersey alikoumia. Kampuni ikasema: hatuna ofisi jimbo hilo, hatujatangaza biashara huko, hatujamtuma mtu. Anayetuuzia Marekani ni msambazaji wa Ohio. Na kweli, mashine zao zilizofika New Jersey hazikuzidi 4, pengine ni hiyo moja tu.

SALIM: Si angemshtaki huyo wa Ohio?

WANJIRU: Alifilisika mwaka huohuo wa 2001.

SALIM: Ehe! Aliye karibu hana kitu, na aliye nacho hafikiki.

WANJIRU: Ndipo kesi ilipokwama. Tangu 1945 sheria ya Marekani inadai mshtakiwa wa mbali awe na uhusiano wa kutosha na jimbo linalomwita. Lakini je, kuuza kupitia mtu wa kati ni uhusiano wa kutosha? Majaji walishindwa kuelewana juu ya hilo mwaka 1987, katika kesi ya Asahi, Wajapani waliotengeneza vali ya tairi la pikipiki. Mwaka 2011 wakagawanyika tena. Jaji Kennedy na wenzake watatu walisema lazima kampuni iwe imelilenga jimbo lenyewe. Kuilenga Marekani nzima hakutoshi. Majaji Breyer na Alito wakakubali matokeo kwa sababu zao. Jumla 6 kwa 3, mfanyakazi akashindwa.

SALIM: Na wale watatu?

WANJIRU: Jaji Ginsburg aliandika kwa niaba yao, na mimi niko naye. Watu wa McIntyre walihudhuria makongamano ya wafanyabiashara wa chuma chakavu Marekani kila mwaka, 1990 hadi 2005. Mwenye yadi aliisikia mashine hiyo kwenye kongamano la Las Vegas. Walitaka mnunuzi yeyote, popote Marekani. Na New Jersey ndilo jimbo lililokuwa likishughulikia chuma chakavu kingi kuliko majimbo yote! Ginsburg akakumbusha pia kwamba kwa kanuni za Ulaya za wakati ule, aliyeumia angeweza kushtaki mahali alipoumia. Yaani Mwingereza huyu angeitwa Ufaransa na angekwenda.

SALIM: Lakini Breyer naye alikuwa na hoja. Si ndiye aliyemtaja mkulima wa kahawa wa Kenya?

WANJIRU: Ndiye. Alisema si haki mkulima wa kahawa wa Kenya, au fundi mdogo wa mashati kule Misri, aitwe kujibu kesi katika karibu kila jimbo la Marekani kwa sababu tu bidhaa yake moja ilifika huko kupitia wasambazaji.

SALIM: Mimi hapo namuunga mkono. Mzee wa Othaya mwenye miche mia mbili, ataendaje kujitetea Montana?

WANJIRU: Hataenda, na hapaswi. Ila huyo mzee hauzi Marekani. Anapeleka buni kwenye kiwanda cha ushirika, zinamenywa, zinakaushwa, kisha zinapita kwa wakoboaji, madalali na mnada wa Nairobi. Nimekulia Nyeri, nimesimama kando ya mashine ya kumenyea buni. Ngoma inazunguka, maji yanatiririka, na kijana anasukuma kwa kiganja zile zilizokwama mdomoni mwa mashine. Mkulima wetu na hao vijana wako upande wa yule mfanyakazi wa New Jersey. Jina letu lilitumika kumkinga mwenye kiwanda, na hilo linaniuma. Mahakama ingeweza kupima ukubwa wa biashara bila kumfungia mlango mtu aliyepoteza vidole.

SALIM: Sheria yao imebaki hivyo?

WANJIRU: Imelegea kidogo. Mwaka 2021, katika kesi ya Ford, majaji wote 8 waliosikiliza walikubali: ukiuza na kuhudumia gari la aina hiyo kwa wingi katika jimbo, huwezi kukwepa kesi eti gari lenyewe liliuzwa kwingine. Lakini Ford ana wauzaji kila mahali. Mwenye mashine moja jimboni bado anaweza kuponyoka.

SALIM: Sasa turudi nyumbani. Kijana akiumia hapo kiwandani kwa mashine ya nje?

WANJIRU: Kwetu Kenya, Amri ya 5, kanuni ya 21 ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za 2010, inaruhusu mahakama kutoa idhini mshtakiwa apelekewe wito nje ya nchi, ikiwa kosa lilitendeka Kenya. Idhini si ya bure, jaji lazima aridhike. Na ukishinda, hukumu inabidi ikatekelezwe kule mali iliko, na si kila nchi itaitambua.

SALIM: Kwa hiyo aanzie wapi?

WANJIRU: Amshtaki aliyeingiza mashine nchini pamoja na mtengenezaji, asichague mmoja. Apige picha kibati chenye jina la kiwanda na namba ya mashine kabla haijahamishwa au kupakwa rangi. Risiti ya ushirika ya kununulia mashine, aombe nakala. Na asikawie, maana madai ya madhara namna hii yana miaka 3.

SALIM: Kuanzia lini?

WANJIRU: Kwa kawaida, siku alipoumia.