Mkitaka wateja wapungue, msianze na kina dada wa Kanu Street

Asanteni, kaeni tu. Afande asante kwa kuja, na nyinyi wa kaunti naona mmejipanga kule karibu na mlango, sijui mko tayari kutoroka ama aje (kicheko). Nimeitwa hapa niongee juu ya venye polisi wetu wa Nakuru wanaweza kupunguza wateja wa ukahaba, yaani si anayeuza, anayenunua. Nikakubali haraka sana manake huyo mnunuzi ni mtu tunamsahau kila mara, kila mkutano wa usalama ni wasichana wasichana wasichana, utadhani wanajinunua wenyewe.

Mnajua venye msako huenda. Mariamu, lile gari la polisi la kubeba waliokamatwa, inasimama pale Kanu Street wanaposimama kina dada wanaouza, saa tano usiku, mlango wa nyuma unafunguliwa, kina dada wanapandishwa, mwingine kiatu kimoja kimebaki barabarani. Na yule jamaa wa Probox aliyekuwa anaongea na mmoja wao dirishani? Anapandisha kioo, anawasha indiketa, anaondoka pole pole kama mtu ametoka kununua maziwa. Hakuna afisa anamuuliza hata jina. Asubuhi koti, kosa linasomwa, wanawake wanasema ni kweli hata wale ambao si kweli, sababu ukikataa kesi inaahirishwa na mtoto ameachwa kwa jirani, faini inatolewa. Sasa niulizeni hiyo faini inatoka wapi. Ameikopa kwa mwenzake, na usiku huo huo anarudi barabarani kuitafuta, na safari hii hana nguvu ya kuchagua gari la kuingia, anaingia lolote. Kwa hivyo huo msako wenyewe umemuongezea mteja bei nafuu. Mimi naona hiyo ni hesabu mbaya hata kama wewe ni mtu wa dini sana na hutaki kusikia hiyo biashara ikitajwa.

Sheria nayo inasemaje, manake wengi wanafikiria iko wazi na haiko. Penal Code yetu, sheria ya makosa ya jinai, inamshika anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mtu mwingine, hiyo ni kifungu cha 153 na 154, na 156 inamshika mwenye danguro. Sexual Offences Act ya 2006, sheria ya makosa ya kingono, kifungu cha 17, inamshika anayemsukuma mwingine kwa hiyo kazi ama kumsimamia ili apate faida. Lakini mtu mzima kumuuzia mtu mzima, hakuna sheria ya kitaifa inasema hilo lenyewe ni kosa, na kununua vile vile. Hizi kesi za asubuhi nyingi ni za sheria ndogo za kaunti, kuzurura kwa nia ya ukahaba, na hata pale maneno ya hizo sheria yangeweza kunyooshwa yamfikie mteja, ni nani hapa ashawahi kuona dereva wa lori kizimbani kwa kuzurura akitafuta mwanamke? Mkono juu. Ehe.

Na hizi za kuzurura zenyewe ziko na shida. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha ilitoa maoni yake Desemba 2020, ikasema sheria za kuwashika watu kwa sababu ya kuonekana tu wanazurura zinagongana na Mkataba wa Afrika. Katiba yetu kifungu cha 49 nacho kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, ama jela isiyozidi miezi sita, huwezi kumweka mtu rumande kwa ajili yake. Afande usiniangalie hivyo, mimi sijaandika (kicheko).

Sasa kuna wale watasema, basi tufanye kama ng'ambo. Sweden mwaka 1999 waligeuza mambo, kuuza si kosa, kununua ndiyo kosa. Norway na Iceland wakafuata 2009, Ufaransa 2016, mnunuzi akishikwa kule mara ya kwanza ni faini ya hadi euro 1,500. Marekani wao, ambapo sehemu nyingi pande zote mbili ni kosa, polisi wa miji wako na mbinu zao, afisa mwanamke anavaa kiraia anasimama barabarani, mwanaume akikubaliana bei anashikwa. San Francisco tangu 1995 walikuwa na darasa la wanaume walioshikwa mara ya kwanza, unalipa, unakaa siku nzima ukiskiza wanawake waliotoka kwa hiyo kazi na watu wa afya, kesi inaondolewa. Na kaunti ya Nassau huko New York mwaka 2013 walishika wanaume 104 na wakaweka picha zao hadharani, kabla hata koti iamue chochote.

Hiyo ya picha najua imewafurahisha, nawaona. Lakini hebu tuilete hapa Nakuru tuone ikitembea. Dere amesimamishwa na afisa wawili saa sita usiku, kuna mwanamke ndani ya gari. Hakuna kamera, hakuna OCS, yaani mkuu wa kituo, hakuna OB, kile kitabu cha kuandika matukio kituoni. Afisa anasema nini? "Tumpigie bibi yako ama tuongee?" Wataongea! M-Pesa itaongea, tena kwa namba ya mtu wa tatu. Tutakuwa tumechukua aibu ya mwanaume na kuifanya mshahara wa pili wa mtu fulani, na wateja hawatapungua hata mmoja, watakuwa tu wamejua bei ya kupita. Halafu kuna kifungu cha 50, mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na ile picha ukishaiweka WhatsApp hakuna hakimu anaweza kuirudisha. Na yule dada? Mteja akiwa na wasiwasi hataki kusimama pahali pana taa, anataka aingie haraka waende gizani, zile dakika chache za kumwangalia huyu mtu uso, kuchungulia kiti cha nyuma, kutumia mwenzako namba ya gari, zinaisha. Hayo malalamiko hata huko Ulaya yako.

(Hapa mzee mmoja alisimama akauliza: "Kwa hivyo unasema polisi wakae tu?")

Hapana mzee wangu, ngoja nifike, asante kwa kunisukuma. Nasema polisi waanze na mnunuzi ambaye sheria yake iko tayari na ni kali, yule anayenunua watoto. Kifungu cha 15 cha hiyo Sexual Offences Act kinasema ukimpatia mtoto pesa ama zawadi, ama ukipatia mzazi wake, kwa nia ya kulala naye, ni jela isiyopungua miaka 10. Ukimruhusu mtoto akae kwa jengo lako kwa hiyo kazi, ni hiyo hiyo, kwa hivyo wenye lojingi mnaosema "mimi nakodisha tu rumu" mskize vizuri. Na akishalala naye ni unajisi, kifungu cha 8, miaka 15 kwenda juu kulingana na umri, na kwa mtoto wa miaka 11 kurudi chini ni maisha. Na ile ya "nilidhani ni mkubwa" haitoshi, lazima mwanaume aonyeshe alidanganywa na kwamba alifanya kitu cha maana kujua umri. Alimuuliza? Aliona kitambulisho? Bia haihesabiki kama uchunguzi.

Hapo hauhitaji mtego wa Amerika. Lojingi iko na kitabu cha wageni pale mapokezi, iko na kamera siku hizi, pesa ilitumwa kwa simu, boda aliyemleta mtoto anajulikana stage yake. Hizo ni ushahidi. Kinachokosekana ni mtu wa kuja kusema, afande, rumu ya pili kuna mtoto wa shule. Na nani anajua hiyo kwanza? Si chifu, si pasta, ni hawa kina dada tunaowapandisha mariamu. Wanajua ni nani akifika anauliza "hakuna kadogo?" Wanajua gari yake. Wengine wako na watoto wa umri huo nyumbani na wanamchukia huyo mtu kuliko mimi na wewe.

Lakini atakuja kwa desk ya polisi aje, na wiki iliyopita afisa wa hiyo desk alimwaga mkoba wake juu ya kaunta, akahesabu kondomu kama ni risasi, akabaki na pesa ya nauli? Hilo nimeelezwa na wanawake tofauti ambao hawajuani, sitataja kituo. Hamuwezi kumfukuza shahidi Ijumaa halafu Jumatatu mumtafute. Chagueni moja. Ndio maana nasema acheni msako wa kuzurura, hata bila kubadilisha sheria, ni uamuzi wa OCS na kaunti tu, wapeni hao kina dada afisa mmoja mwanamke wanayemjua kwa sura, na ile namba ya simu 116 ya kusaidia watoto ibandikwe choo cha kila baa kutoka hapa mpaka Salgaa, pale lori hulala barabarani.

Kwa hawa watu wazima wanaonunuliana, niwaambie ukweli, polisi si dawa. Anayetaka kupunguza wateja wa Salgaa aangalie kwanza kwa nini dere amelala hapo, mbali na nyumbani wiki nzima. Kule Malaba, mpakani na Uganda, kukiwa na foleni ya siku tatu, hiyo biashara inanenepa, vituo vya nchi hizo mbili vikiunganishwa na lori zipite kwa masaa, dere anaenda zake. Hiyo ni kazi ya forodha, haina pingu.

Na wenzetu wa Kisumu, mnajua jaboya, mvuvi hampatii mama samaki mpaka alale naye, pesa peke yake haitoshi. Ungeshika wavuvi wote wa ghuba ya Winam, huko Ziwa Victoria, ungemaliza? Pale Nduru, Nyakach, kina mama walipata mashua zao wenyewe, wakawa ndio wanaajiri wavuvi, na mwenye mashua haombwi kitu. Ziwa likafurika 2020 likawaharibia sana, hiyo ni habari ya kuhuzunisha ya siku nyingine, lakini mmeona kilichofanya mwanaume aache kudai.

Sasa kuna mama pale kati ameinua mkono tangu nitaje kitabu cha wageni, nadhani yeye ako na lojingi na ako na maneno. Mpeni maiki. Na afande utajibu ile ya mkoba, sitaijibu mimi.