Windows Imo, Leseni Haimo: Kuihalalisha Kompyuta ya Pili Bila ya Kufuta Kitu

Assalaam alaykum watazamaji wangu wa Unguja na Pemba. Leo nipo Chake Chake, kwenye duka la dada yangu la kutoa kopi na kuchapisha. Mezani pana kompyuta mbili. Hii ndiyo aliyofungulia duka. Ile ya pili ni mtumba, imevuka na boti kutoka Unguja, na Windows 11 imo ndani tayari. Lakini hebu tazameni chini kulia mwa kioo: maneno ya kijivu, Activate Windows. Mfumo umo, leseni haimo.

Nakuombeni, msikimbilie kupiga Windows upya. Kupiga upya hakuleti leseni, na mafaili yenu yanaweza kupotea bure.

Kwanza tujue tuna leseni ya aina gani. Njoo kwenye kompyuta ya zamani, ile aliyofungulia duka, tuone kama leseni yake inaweza kuhama: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr, acha nafasi, kisha /dli, halafu Enter. Subiri kidogo, kisanduku kitatokea. Soma mstari wa pili. Ukiona OEM, leseni hiyo imezaliwa na mashine yake, imefungwa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, na haihami. Kompyuta ikifa, nayo imekufa. Ukiona RETAIL, basi huenda ni leseni ya dukani inayohamishika, ila neno hilo peke yake halitoshi. Mashine zilizopandishwa bure kutoka Windows 7 kwenda 10 nazo huandika RETAIL, na leseni zao mara nyingi zimefungwa palepale. Kwa hiyo tafuta risiti au boksi la leseni uliyonunua.

Na hata ile inayohamishika ni ya kompyuta moja kwa wakati mmoja. Dada anataka zote mbili zifanye kazi, kwa hiyo amenunua leseni ya pili. Kama wewe unaistaafisha ile ya zamani, iondoe leseni huko kwanza: fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika slmgr /upk, kisha slmgr /cpky. Ndipo uhamie kwenye mpya.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Fanya ile /dli kwenye kompyuta ya mtumba pia. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni leseni ya maofisi na taasisi, inayodumu siku 180 tu, na lazima ijihuishe kwenye seva ya taasisi hiyo kabla hazijaisha. Kama mashine haina ofisi nyuma yake, basi kuna uwezekano mkubwa imepigwa kraki, yaani programu ya kuidanganya Windows kuwa ina leseni. Kraki nyingi hukutaka uzime ulinzi wa Windows kabla hujaziendesha. Fikirieni: kompyuta hii kila siku inaskani vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya skuli vya watoto wa watu. Watu wametuamini na karatasi zao. Siwezi kuikabidhi mashine kama hiyo kwa programu nisiyomjua aliyeitengeneza, na nakusihini nanyi msifanye. Mashine ya namna hiyo tu ndiyo ningekubali ipigwe Windows upya, baada ya kuhifadhi mafaili.

Yetu ni safi, tunaendelea. Angalia tarehe na saa. Mitumba mingi kibetri chake cha duara, CR2032, kimekwisha, na saa hurudi nyuma miaka. Tarehe ikiwa si sahihi, kompyuta inaweza kushindwa kuzungumza na seva ya Microsoft, nawe ukadhani ufunguo, yaani zile herufi za leseni uliyonunua, ni mbovu. Rekebisha saa, kibetri ubadilishe baadaye.

Unganisha kompyuta na intaneti ya simu yako. Kuingiza leseni hakuli bando. Linalokula bando ni masasisho, kwa hiyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa Metered connection kabla ya yote.

Fungua Settings, System, kisha Activation. Tazama kwanza toleo la Windows limeandikwa Home au Pro, maana ufunguo lazima ulingane. Ufunguo wa Pro unaweza kuipandisha Home bila ya kufuta kitu. Wa Home hauishushi Pro. Bonyeza Change, andika herufi 25. Vistari vitajiweka vyenyewe. Ukibabaika na mwandiko, kumbuka hamna sifuri, moja wala tano ndani ya ufunguo, na hamna O, I wala S. Kinachochanganya watu zaidi ni B na 8.

Next, halafu Activate. Tunasubiri... Haya, tiki ya kijani hiyo. Active.

Bado moja: ingia Accounts, Your info, ujisajili kwa akaunti ya Microsoft. Leseni itafungamana na akaunti hiyo, na siku mazabodi ikiungua umeme ukirudi kwa nguvu, leseni ya dukani utaidai tena kupitia Troubleshoot. Tumia akaunti ya mwenye duka, si ya fundi! Fundi akiondoka, leseni itabaki kwenye akaunti yake. Risiti ipige picha, na yenyewe iweke pamoja na karatasi za duka.

Tunaizima, tunaiwasha. Maneno ya kijivu hayapo. Dada, lete karatasi ya kwanza tuichapishe.