Karatasi ya Chooni na Mizani Kumi na Sita: Utunzi wa Kifungoni

Walimu wetu, shikamooni. Wanafunzi, karibuni.

Ujasiri wa waandishi waliofungwa umeshasifiwa sana, nami leo sitauongezea sifa. Nataka tutazame karatasi, kumbukumbu na upekuzi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua mfungwa atunge nini na utungo wake utoke vipi.

Waswahili tuliijua kazi hii zamani. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa yumo gerezani Pate, na ujumbe kwa mamake anautuma kwa wimbo kupitia kijakazi Saada: aoke mkate wa wishwa, na tupa aifiche ndani. Kwa nini wishwa? Kwa sababu mikate mizuri askari waliila wao, ule wa makapi wakamwachia mfungwa. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu, na kelele za pembe na matoazi zikafunika mlio wa tupa ikikereza chuma. Angalieni kwamba ujumbe wenyewe haukuandikwa popote. Uliimbwa, na askari hana cha kupekua katika wimbo.

Sasa twende gereza la Kamiti, Kenya. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na miaka 22 alipokamatwa mwaka 1968 kwa kijikaratasi cha kisiasa, *Kenya: Twendapi?* Alihukumiwa miaka mitatu, na sehemu kubwa alikaa peke yake selini. Humo alitunga mashairi kwenye karatasi ya chooni, yakatolewa kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mcheke au msicheke, shauri yenu.

Lakini kwa nini mashairi? Jibu la haraka ni kwamba Abdilatif alitoka katika nyumba ya washairi. Ni kweli, ila halitoshi. Shairi la arudhi, yaani lenye vina na mizani (hesabu ya silabi), lina kinga yake ndani. Tuchukue mshororo wa kwanza wa “Siwati”:

*Siwati nshishiyelo, siwati, kwani niwate?*

Hesabuni: si-wa-ti-n-shi-shi-ye-lo, mizani 8, na ile “n” ina mizani yake. Si-wa-ti-kwa-ni-ni-wa-te, 8 nyingine. Kina cha kati ni -lo, cha mwisho -te, na mishororo miwili inayofuata inavirudia vyote viwili. Katika mshororo wa nne, -te inahamia kati. Sasa jaribuni kuisahau “nshishiyelo” na kuweka “nililoshika” mahali pake. Mizani inabaki 8, lakini kina kimekuwa -ka, na papo hapo sikio linakataa. Ukidondosha neno, mizani inapungua. Ukilibadilisha, kina kinakusuta. Mfungwa aliyenyang'anywa karatasi anaweza kuujenga upya ubeti mzima kwa njia hiyo. (Mhariri anayetaka kukisanifisha Kimvita cha Abdilatif, lahaja ya Mombasa, naye aione hasara: “niwate” ikigeuzwa “niache”, kina cha mwisho kimekwenda.)

Kinga hiyo ina tundu, lakini. Mizani na vina vinalinda maneno ndani ya ubeti. Havilindi mpangilio wa beti. Beti ya saba ikipotea yote, ya sita na ya nane hazina habari. Dawa yake ni pindu, ambapo maneno ya mwisho ya ubeti ndiyo yanayoanzisha ubeti unaofuata. Hapo pengo likitokea, linasikika.

Riwaya haina kinga kama hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa Desemba 1977, naye akaandika riwaya ya Kigĩkũyũ, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, juu ya karatasi ya chooni pia. Karatasi ile ilikuwa ngumu, yenye kukwaruza. Ilimtesa mwilini, lakini wino ilishika vizuri. Tatizo likawa wingi wake: marundo ya karatasi hayafichiki selini. Upekuzi ulipokuja, mswada ukachukuliwa, na ungeweza kuishia hapo. Alirudishiwa baada ya majuma kadhaa kwa sababu mkuu wa gereza hakuona ubaya ndani yake.

Huko Robben Island, kisiwa cha gereza Afrika Kusini, Mandela na wafungwa wenzake walijaribu njia ya tatu. Kuanzia 1975 aliandika tawasifu yake usiku. Kathrada na Sisulu wakaisoma na kuikosoa. Laloo Chiba na Mac Maharaj wakainakili kwa herufi ndogo mno, kurasa kumi za fulskapu zikaingia katika kikaratasi kimoja. Nakala hiyo ilitoka na Maharaj alipofunguliwa mwaka 1976. Kosa lilikuwa kuuhifadhi mswada wa asili: waliufukia bustanini ndani ya makopo, ukaja mradi wa kujenga ukuta, mtaro ukachimbwa pale pale. Sehemu moja ilikamatwa, na wote watatu, Mandela, Kathrada na Sisulu, wakanyimwa ruhusa ya masomo kwa miaka minne. Nakala ikishatoka salama, mswada wa asili uharibiwe, hata kama roho inauma.

Kuna upekuzi mwingine, ule wa maana, na hapo fumbo linafanya kazi. Turudi kwa Abdilatif na *Sauti ya Dhiki*: shairi la “Mamba” likisomwa na askari, mamba ni mnyama wa mtoni tu. “Mnazi: Vuta N'kuvute” ni ugomvi wa ndugu wawili, Alii na Badi, juu ya mnazi, na kwa masikio ya pwani ni ugomvi wa kawaida kabisa wa mirathi. Kwa hiyo nisingependa mtu akurupuke kusema mnazi ni Kenya kabla hajafuata hoja za kila ndugu, nani alipanda, nani alitilia maji, nani anavuna. Hoja za Badi hasa zina nguvu kuliko wachambuzi wengi wanavyokubali. Fungueni ukurasa wa shairi hilo. Mmoja asome Alii, mwingine Badi, na wengine muhesabu mizani.