Imam Ghazali alipokosa sauti

Assalaam alaykum jamani, sogeeni mbele nafasi ipo, na simu tuziweke sailenti. Leo tuongelee kujipenda na utulivu wa moyo, maana siku hizi ukishika simu tu unaambiwa jipende, jipende, halafu ukicheki vizuri kinachouzwa pale ni losheni.

Twendeni Baghdad, mwaka 1095. Madrasa ya Nizamiyya kuna mwalimu, Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus, Iran ya leo. Umri miaka kama 37 hivi, wanafunzi 300, kazi kapewa na waziri Nizam al-Mulk mwenyewe, yani kama ni kufanikiwa basi huyu kafanikiwa. Sasa akaanza kuichunguza nia yake, na kaandika mwenyewe kwamba alipotazama kwa nini anafundisha akakuta si kwa ajili ya Allah, kinachomsukuma ni cheo na jina.

Hapo ndo shughuli ikaanza. Asubuhi kaamua, naondoka, naacha yote. Jioni matamanio yanamvamia kama jeshi, nia kwisha. Karibu miezi sita, kuanzia Rajab, leo naenda kesho siendi, mpaka siku moja anajilazimisha afundishe angalau awaridhishe wanafunzi, ulimi umefunga! Neno halitoki. Na chakula nacho hakipiti, hata mchuzi. Matabibu wakaja wakanyoosha mikono, wakasema hili limeshuka moyoni ndo likaenea mwilini, halina dawa mpaka moyo upumue. Karne ya 11 hiyo jamani, na sisi leo mtu akisema halali usiku tunamwambia kapime malaria.

Basi akaaga kwamba anaenda Makka, kumbe moyoni ni Sham, yani upande wa Syria. Mali akaigawa, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake (hapo vijana msikilize, hakuwatelekeza). Damascus akawa anapanda mnara wa msikiti mkuu, anajifungia humo mchana kutwa. Akaenda na Baitul Maqdis, yani Jerusalem, hivyohivyo, anaingia Kubbat as-Sakhra, lile kuba la mwamba, anafunga mlango.

Sasa mtu ungedhani aliyekimbia hivyo atafundisha watu wajichukie. Wapi! Kwenye kitabu chake Ihyaa, mlango wa mahaba, anasema kitu cha kwanza anachokipenda kila kiumbe hai ni nafsi yake, anapenda awepo, adumu, akamilike. Wala hakuiita dhambi. Anaanzia hapohapo, ukijipenda kweli utampenda aliyekufanya uwepo, na anatoa mfano, aliyeunguzwa na jua akakipenda kivuli, lazima aupende na mti. Masheikh wengine tukishika maiki ni nafsi adui, nafsi adui, mwanzo mwisho, mtu anatoka msikitini kajidharau na hajabadilika chochote. Mimi naona tunakosea mpangilio, kwa sababu Ghazali anasema asubuhi iwekee nafsi yako masharti, mchana ichunge, usiku ifanyie hesabu, adhabu na lawama vinakuja baadae, baada ya hesabu. Sisi tunaanza na lawama hata hesabu hatujafanya! Mtu kapitiwa Alfajiri, badala ya kujiuliza jana nililala saa ngapi na nilikuwa naangalia nini, anajitukana tu mpaka Adhuhuri.

Sasa kuna kikaratasi kimetoka kwa akina mama, dada anasema nikisali natulia kabisa, ila watoto wakianza kulia na hela ya matumizi haijaachwa navurugika, je ibada yangu ina kasoro? Dada yangu, Ghazali huyohuyo anasema aliitwa na watoto wake akarudi nyumbani, na kwamba shida za familia na riziki zilikuwa zinamchafulia ule upweke wake, ile hali safi akawa anaipata mara mojamoja tu, ikikatika anairudia. Akaenda hivyo kama miaka kumi, na mwaka 1106 akarudi darasani, Nishapur. Kwahiyo watoto wakilia nyamazisha kwanza, halafu rudi kwenye mswala wako. Na kuhusu hela ya matumizi, nadhani waume zetu hapa mbele wamesikia. Haya, maiki ipite upande wa akina mama, maswali.