Muulizeni Alikopa Mwezi Gani: Kupima Umaskini Kijijini

Ndugu wanafunzi wa maendeleo ya jamii, asanteni kwa kunialika kabla hamjatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Najua kila mmoja ana dodoso lake: paa ni la bati au nyasi, kuku wangapi, milo mingapi kwa siku. Lijazeni vizuri. Litawaonyesha nani maskini. Amefikaje hapo, halitawaambia, na hilo ndilo lililonileta leo.

Takwimu za nchi tunazo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukakuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini yake. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Namba hizi tunazihitaji, fedha za umma zigawanywe kwa haki. Lakini nenda Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, mwezi wa sita, ukutane na mkulima mwenye mikorosho ya kutosha ambaye bado anakopa unga. Hapo asilimia haikusaidii.

Nikae kwenye korosho kidogo. Mavuno ya Mtwara na Lindi hushika kasi mwezi wa kumi, na minada huanza wakati huohuo. Mahitaji ya fedha hayangoji. Shamba lipaliliwe, mikorosho ipigwe dawa ya salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usile maua, na katikati ya hayo mtoto anaumwa. Ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi. Anatoa fedha leo, atalipwa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei iliyokubaliwa na mtu mwenye shida. Sheria inakataza, na kijiji kizima kinajua nani anafanya. Kagera nako wana butura, kahawa inauzwa ikiwa bado mtini.

Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ilianza kwenye korosho mwaka 2007 ili mkulima apate bei ya mnada. Aliyeweza kusubiri amenufaika, na nasema hivyo bila kusita. Lakini korosho ziende AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ziende ghala kuu, zinadiwe, mnunuzi alipe, ndipo fedha imfikie mkulima. Asiye na akiba atasubirije? Bei ikipanda mnadani, yeye haimhusu, mzigo ulishakuwa wa mtu mwingine tangu maua hayajafunga. Ruzuku ya salfa ya miaka ya karibuni imempunguzia sababu moja ya kukopa. Ugonjwa na mahitaji ya shule bado vipo.

Sasa itisheni mkutano muulize, "Shida yenu ni nini?" Mtajibiwa bei. Ni kweli, lakini aliyesimama kusema ni yule mwenye magunia ya kuuza. Aliyeuza kabla amekaa nyuma, au hakuja kabisa. Na mkifika na gari la mradi wa maji, mtaombwa maji. Watu hawadanganyi, wanaomba kile wanachoona mgeni anaweza kutoa.

Kwa hiyo ulizeni kwa miezi. Chora kalenda chini kwa kijiti, Januari hadi Desemba, kaa na watu wachache wachache, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Chakula kinaisha lini? Deni linachukuliwa lini, kwa nani, linalipwa kwa kitu gani? Kibarua kinafanywa lini? Swali hili la kibarua msilipite haraka. Kusini mvua ni msimu mmoja. Kati ya Januari na Machi ghala ni tupu, malaria imepamba moto, na ndiyo miezi ya palizi. Kaya isiyo na chakula inakwenda kulima kwa watu ili ipate chakula cha jioni. Shamba lake linamezwa na magugu, mavuno yanapungua, na mwakani inaanza kibarua mapema zaidi. Ukimkuta mtu huyo Agosti, shamba lake dogo na chafu, utaandika "hana bidii". Kosa hilo limeandikwa kwenye taarifa nyingi mno, na linaniuma kila ninapolisoma.

Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo ya vijijini aliyewahi kufanya kazi Kenya, alionya tangu 1983 kwamba watafiti huenda palipo na lami na huenda kiangazi. Bado ni hivyo. Mkifika, msianzie kwa nyumba mnazoelekezwa karibu na ofisi ya kijiji. Waombeni wenyeji wapange kaya kwa vigezo vyao wenyewe. Mtasikia vigezo visivyo kwenye dodoso: anayelimia watu, asiye na wa kumkopesha, mjane aliyenyang'anywa mikorosho na shemeji. Hicho cha mwisho hakitibiwi kwa mbegu wala mafunzo ya ujasiriamali. Ni suala la haki ya ardhi, lipelekwe baraza la ardhi la kijiji.

Na taarifa yenu, kabla haijafika halmashauri, isomeni mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Ndio wenye mamlaka ya juu kijijini kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Ombeni uitishwe saa ambayo wanaotoka vibaruani wameshafika nyumbani. Majina ya wanaodaiwa msiyasome. Someni kalenda, mwezi kwa mwezi, kisha waacheni waisahihishe.