Magitaa Yaliyofanya Kazi ya Ngoma: Santuri za Quintette du Hot Club de France

RUKIA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazisikiliza santuri ambazo kundi la Quintette du Hot Club de France lilianza kurekodi mjini Paris mnamo Desemba 1934. Ningependa tuanze na jambo linalosahaulika kwa wingi wa sifa anazomiminiwa mpiga gitaa wake, Django Reinhardt: kundi hilo halikuwa na ngoma, halikuwa na piano, wala halikuwa na tarumbeta hata moja, ilhali wakati huo jazi ilitambulikana kwa vyombo hivyo hasa.

MUSA: Ndivyo ilivyokuwa, dada Rukia. Walikuwa watu watano na nyuzi tupu: Django kwenye gitaa la solo, Stéphane Grappelli kwenye fidla, Louis Vola kwenye besi, na wapigaji wawili wa gitaa la rithimu, lile linaloshika mapigo nyuma ya solo, yaani Roger Chaput na Joseph Reinhardt, ambaye ni mdogo wake Django.

RUKIA: Wengi wakifika hapo huhamia moja kwa moja kwenye mkono wa Django, na kwa kweli unastahili kusimuliwa. Mwaka 1928 alikuwa kijana wa miaka 18, mtu wa Manouche, tawi la Waroma, jamii ya wahamaji wa Ulaya, aliyepiga banjo nyuma ya wapiga kodiani, na katika santuri zake za kwanza jina lake liliandikwa “Jiango Renard”. Mwaka huohuo moto uliteketeza gari la kukokotwa alimoishi na mkewe, ukamuunguza mkono wa kushoto, na vidole viwili vya mwisho havikupona sawasawa. Solo zote tunazozistaajabia alizicharaza kwa vidole viwili vilivyobaki vizima.

MUSA: Nakubali, lakini naona habari ya vidole imetuziba masikio tusiwasikie wale wawili wa nyuma. Chukueni Minor Swing, iliyorekodiwa tarehe 25 Novemba 1937, siku ambayo Joseph alishika rithimu pamoja na Eugène Vées. Inaanza kwa gitaa na fidla kutamka pamoja huku besi likiwajibu, kisha magitaa mawili ya rithimu yanaingia na hayatulii tena mpaka mwisho. Katika kila mapigo manne, la pili na la nne hukatwa ghafla, kwa kuwa mkono wa kushoto huzilegezea nyuzi mara tu mkono wa kulia unapokwisha kuzipiga, na mkato huo ndio unaosikika kana kwamba kuna mtu amekaa nyuma yao na ngoma. Besi hulishika pigo la kwanza na la tatu, hivyo pande hizo mbili zinakwenda kama watwangaji wawili wa kinu kimoja, ambao mmoja wao akichelewa hata kidogo kazi yote huvurugika.

RUKIA: Chombo chenyewe nacho kilisaidia, kaka Musa. Magitaa ya kampuni ya Selmer, yaliyobuniwa na Mwitalia Mario Maccaferri na kuanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1932, yalikuwa na sauti kali yenye makali ya kupenya, na bila sauti hiyo sidhani kama tungeipata mikato hiyo kwa uwazi huu katika santuri ya sentimita 25 iliyoweza kubeba kama dakika 3 tu kila upande.

MUSA: Sasa tazama kilichotokea vita vilipoanza mwaka 1939. Kundi lilikuwa Uingereza. Grappelli akabaki London, Django akarudi Paris. Anaporekodi Nuages mnamo Desemba 1940 ana klarineti mbili, ana Pierre Fouad kwenye dramu, na rithimu imebakiwa na Joseph peke yake. Wimbo ni mzuri mno, lakini ule msukumo wa kutoka chini haupo.

RUKIA: Hapo sikubaliani nawe kabisa. Nuages ni wimbo wa taratibu, haukuhitaji kusukumwa, na nafasi ambayo dramu laini zinamwachia Django ndiyo inayomruhusu kuishikilia sauti moja hadi ikakugusa. Asingeweza kufanya hivyo magitaa mawili yakiwa yanamkimbiza.

MUSA: Kwa Nuages nakupa haki yako. Lakini sikiliza London, Januari 1946, Django na Grappelli walipokutana tena. Rithimu ilishikwa na Waingereza wawili, Jack Llewellyn na Allan Hodgkiss, na besi likapigwa na Coleridge Goode, mzaliwa wa Jamaika. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyekuwa katika kundi la 1934, na hata hivyo mara tu magitaa mawili yaliporudi bila dramu, ile sauti ya Paris nayo ikarudi. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba siri haikukaa kwenye solo peke yake.

RUKIA: Na zile za Roma za 1949, walikopiga na piano, besi na dramu vya Waitalia?

MUSA: Ninazipenda kwa ajili ya Grappelli, ambaye fidla yake humo imekomaa na imetulia. Lakini piano inaijaza ile nafasi ya kati ambayo Joseph na Chaput waliijua kuikata kwa kipimo, na Django analazimika kuvutana nayo.

RUKIA: Basi tuanze na ya 1937, kisha tuiweke ya London papo hapo nyuma yake, na tuwaombe wasikilizaji katika mzunguko wa kwanza wamwache Django apite, wamfuate Joseph.