Wiki Mbili za Mbelewele

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mnaoishi hapa Nairobi mna wazazi Kitui, Makueni au Machakos, na mvua ya vuli ikikatika mapema simu hulia: tumeni pesa ya mahindi. Leo tuizungumzie pesa hiyo, na mwezi inaofaa kutumwa.

Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi ya muda mfupi kama Katumani, yakipandwa mwishoni mwa Oktoba, hutoa mbelewele, yale maua ya kileleni yenye chavua, baada ya siku kama 60. Hapo ni mwisho wa Desemba, na mara nyingi mvua imeshaondoka. Yakikosa maji wiki mbili hizo, ndevu za hindi hukauka bila kupata chavua, na mkulima huvuna magunzi yenye punje za kuhesabu. Anayepita barabarani bado anaona shamba refu, la kijani.

Nyumbani huuzwa kuku kwanza, halafu mbuzi. Kwa kuwa kijiji kizima kinauza kwa wakati mmoja, bei ya mbuzi huporomoka huku debe la mahindi likipanda. Mwishowe yale mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa jikoni juu ya moshi hushushwa na kupikwa. Familia iliyofika hapo haina cha kupanda hata mvua ikirudi, na kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Robo ekari ni mita mraba 1,000 hivi, na mahindi yenye mbelewele hunywa kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 5,000. Siku 14 ni lita 70,000. Hiyo ni mitungi 3,500 ya lita 20, na hakuna mama wala punda wa kuibeba kutoka mtoni. Maji hayo lazima yawe shambani tayari.

Ndiyo maana pesa ichimbe bwawa la kuvuna maji ya mvua. Bwawa lenye mdomo wa mita 10 kwa 10, sakafu ya 6 kwa 6 na kina cha mita 2 hushika lita 130,000 hivi. Kuta zilale kwa mwinamo. Zikichimbwa wima zitabomoka. Likijaa, jua hunyonya kama lita 500 kila siku, kwa hiyo hata likikaa mwezi mzima bado yatabaki maji ya kutosha robo ekari yenu na mboga kidogo. Udongo wa kichanga, hata hivyo, utayameza yote, na ndipo inapohitajika karatasi nzito ya plastiki ya mabwawa.

Karatasi hiyo ndiyo gharama kubwa, na ndiyo inayoharibiwa kwa haraka ya fundi. Okoteni kila jiwe lenye ncha na kila kisiki cha mzizi, kisha pigeni sakafu kwa udongo laini. Kingo za karatasi zifukiwe kwenye mtaro wa nusu mita kuzunguka mdomo wote, la sivyo uzito wa maji utaivuta ndani. Maji ya barabarani yasiingie moja kwa moja: yapitie kwanza shimo dogo la kunasa tope, linalozolewa baada ya kila mvua kubwa. Ukipuuza shimo hilo, baada ya misimu michache utakuwa na bwawa la matope, na hutaweza kulichimbua kwa jembe bila kuitoboa karatasi.

Basi pesa itumwe Agosti, kazi iishe kabla ya Oktoba. Itoshe pia ua wa miiba na mlango wa kufungwa, na kamba nene yenye mafundo, iliyofungwa kwenye nguzo imara na kuning'inia hadi sakafuni, kwa sababu plastiki yenye maji huteleza na mtoto aliyetumbukia hawezi kupanda peke yake.